Shea, nazi, mafuta mgando, nta ya nyuki au glisirini? Upake nini baridi hii, na umtengenezee nani

Baridi ikishaanza kuuma malalamiko ni yaleyale kila upande, mtu anakwambia mi napaka mafuta asubuhi vizuri kabisa, miguu inang'aa, alafu ikifika mchana ukipitisha kucha kwenye mguu unaandika jina lako kwa weupe, sasa hayo mafuta yameenda wapi? Na msimu wenyewe ndo huu wa sikukuu, watu wanataka kupendeza kwenye picha, wanataka pia kutengeneza kitu kwa mikono yao wampe mama, dada, rafiki, na ukianza kutafuta unakutana na vitu vitano vilevile: siagi ya shea, mafuta ya nazi, mafuta mgando, bamu ya nta ya nyuki na glisirini. Kila kimoja kina watu wake wanaokiapia.

Vyote vitano nimevishika jikoni kwangu misimu kadhaa, vingine vikaniharibikia mpaka nikaelewa kwa nini, na kitu kimoja nataka ukishike kabla hata hatujaanza kulinganisha: usiulize kipi bora, uliza ngozi yako imekosa maji au imekosa kifuniko.

Ngozi inakaukaje hasa

Watu wengi wanalaumu upepo wa nje tu, kumbe ndani ya nyumba ndo kunakausha zaidi. Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi, kwenye nyuzi 0 mita moja ya ujazo inabeba kama gramu 5 za maji basi, sasa hewa hiyohiyo ikiingia ndani hita ikaipasha mpaka nyuzi 20 inakuwa na uwezo wa kubeba kama gramu 17, lakini maji yenyewe yamebaki zile gramu 5, kwa hiyo unyevu unashuka chini ya asilimia 30 na hewa inaanza kutafuta maji popote yalipo, na wewe umekaa hapo na midomo yako na mikono yako.

Ndo maana mafuta ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwishakauka yanang'aa tu juu. Mafuta hayana maji ndani yake. Ni kama sufuria, ukifunika sufuria tupu umefunika utupu, lazima maji yawemo kwanza ndo kifuniko kiwe na kazi. Kwa hiyo kati ya hivi vitano kuna vifuniko na kuna kimoja kinacholeta maji, ukishalijua hilo nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

Nimeviangalia kwa mambo yaleyale matano: kazi yake kwenye ngozi, tabia yake baridi ikizidi, utengenezaji wake na muda kinaokaa, kinafaaje kama zawadi, na kinamfaa nani.

Siagi ya shea iliyopigwa

Kazi yake: ni kifuniko lakini pia inalainisha, zile sehemu za ngozi zilizosimama kama magamba inazilaza. Inatoka kwenye kokwa za mti wa shea wa Afrika Magharibi, na ile ambayo haijasafishwa ina rangi ya krimu na harufu fulani ya moshi na kokwa ambayo wengine wanaipenda na wengine hawaiwezi kabisa, iliyosafishwa ni nyeupe haina harufu.

Kwenye baridi: ikiwa peke yake inakuwa ngumu, unaikwangua. Ndo maana watu wanaipiga.

Kutengeneza: gramu 150 za shea, gramu 50 za mafuta ya maji kama alizeti au lozi, unayeyusha kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, alafu unaweka kwenye friji mpaka pembeni pawe pameanza kushika na katikati bado ni laini ukigusa kwa kidole, hapo ndo unaingiza mashine ya kupigia keki. Dakika tano mpaka kumi, unaiona inabadilika, inakuwa nyeupe, inapanda, inasimama kwenye mapanga kama povu la kunyolea. Inajaa karibu mara mbili, kwa hiyo andaa makopo ya kutosha.

Sasa hapa ntakaa kidogo maana ndo panapowaangusha wengi. Mara ya kwanza niliiyeyusha nikaiacha mezani ipoe yenyewe usiku kucha, asubuhi nikakuta ina chembechembe kama mchanga, nikadhani nimeuziwa ya zamani. Haikuwa hivyo. Shea ina mafuta ya aina kadhaa ndani yake na hayagandi pamoja, ikipoa polepole yale yanayowahi kuganda yanajikusanya yenyewe yanafanya vijipunje. Haina madhara, ukisugua kiganjani zinayeyuka, ila kwa zawadi haipendezi. Dawa yake ni kuiyeyusha upya yote mpaka isibaki hata punje, uipoze haraka kwenye friji. Ikishapigwa vizuri usiiweke karibu na hita, ikiyeyuka ile hewa inatoka na kopo lililokuwa limejaa unalikuta nusu.

Inakaa miezi kadhaa kama hujaingiza maji, maana yake kijiko kikavu, kopo kavu, na anayetumia bafuni achote kabla mikono haijalowa.

Kama zawadi: kwa sura tu hii inavishinda vingine, mtu akifungua kifuniko anatabasamu. Kusafiri nayo ndo shida.

Inamfaa: mwenye mwili mkavu, magoti, viwiko, miguu, na mwenye nywele kavu zilizojikunja. Wenye uso wa mafuta wengi wanaiona nzito. Na kwa kuwa inatoka kwenye kokwa, mwenye mzio wa kokwa na korosho na jamii hiyo amuulize daktari kwanza.

Mafuta ya nazi

Kazi yake: kifuniko chepesi kuliko shea, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki (aina mojawapo ya asidi za mafuta), na sifa yake kubwa kwangu iko kwenye nywele kuliko kwenye ngozi, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele wenyewe na kusaidia usipoteze protini wakati wa kuosha. Paka usiku, osha asubuhi, utaona tofauti kwenye ncha.

Kwenye baridi: yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nyumba ikiwa na nyuzi 18 kopo lako ni jiwe. Ukipaka nywele asubuhi ukatoka nje kwenye baridi kali unaweza kukuta vijidoa vyeupe kichwani, watu wanadhani ni mba, kumbe ni mafuta yameganda tu. Yapake nyumbani, usiku.

Kutengeneza: hakuna cha kutengeneza, labda skrabu, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili. Vikombe viwili vya sukari nyeupe laini kwa kikombe kimoja cha mafuta yaliyolainika, unakoroga basi. Tumia sukari sio chumvi, kwa sababu mkono uliopasuka ukiweka chumvi utajuta, na sukari yenyewe inayeyuka kwenye maji kabla haijakwangua sana. Mara moja kwa wiki inatosha, mwili tu, uso uachwe.

Kama zawadi: mafuta matupu kwenye chupa hayamvutii mtu sana, ila skrabu kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kijiko cha mbao imefungwa na uzi, hiyo inapokelewa vizuri. Mwandikie tu kwamba sakafu ya bafu itateleza, aifute, hasa kama ni mtu mzima. Na maji yasiingie kwenye chupa.

Yanamfaa: mwenye nywele zinazokatika, mwenye ngozi ya kawaida ya mwili, anayetaka kitu kimoja cha kufanyia mengi. Hayamfai mwenye chunusi kupaka usoni, yanaziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi, hilo silifichi hata kama wapo wanaosema yamewakubali.

Mafuta mgando

Haya watu wanayadharau kwa sababu ni ya bei ya chini na hayana hadithi ya shambani, yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Kiukweli hadithi yanayo. Mkemia Robert Chesebrough alikwenda kwenye visima vya mafuta vya Titusville, Pennsylvania mwaka 1859, akawakuta wafanyakazi wanapaka kwenye majeraha ule utando uliokuwa unaganda kwenye mashine, akaufanyia kazi miaka mpaka akapata hataza yake (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1872, ndo Vaseline.

Kazi yake: kwa kufunika hakuna kinachoyafikia kati ya hivi vitano. Hayaingii ndani, hayaleti maji, yanakaa juu na kuzuia maji yasitoke, na kwa kuwa yaliyosafishwa hayana harufu wala rangi ni nadra kumletea mtu mzio. Kwa mtu ambaye kila kitu kinamwasha hii ni habari njema sana.

Kwenye baridi: hayasumbui. Yanabaki laini, ukipaka kidogo kwenye pua, mashavu na midomo kabla hujatoka kwenye upepo yanasaidia.

Kutengeneza: huwezi kuyatengeneza nyumbani, unaweza kuyayeyusha na kuyachanganya na shea kidogo ukapata mafuta ya visigino, sehemu mbili mgando sehemu moja shea. Visigino vilivyopasuka: loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, gusagusa na taulo bila kukausha kabisa, paka, vaa soksi za pamba, lala. Fanya hivyo wiki nzima bila kuruka siku ndo uhukumu.

Kama zawadi: yenyewe peke yake hapana, lakini kopo la hayo mafuta ya visigino na soksi nzuri nene, hiyo zawadi nimeshaona mtu mzima akiishukuru mwaka mzima.

Yanamfaa: mwenye midomo na visigino vilivyopasuka, mwenye ngozi inayowashwa na manukato, mzazi mwenye mtoto ambaye mashavu yanachubuka kwa baridi. Hayamfai anayechukia kunata. Kuungua kwa moto kukiwa kubichi usiyapake kabisa, poza kwa maji ya bomba kwanza.

Jambo moja la uzito: shuka, soksi au skafu iliyolowa mafuta ya aina yoyote, haya na hayo mengine, ikikaribia moto inashika haraka na kuwaka vibaya. Msimu huu kuna mishumaa na meko kila kona, kwa hiyo ukishajipaka mwili mzima usisogee na gauni la kulalia kwenye mshumaa.

Bamu ya nta ya nyuki

Kazi yake: kifuniko kigumu kidogo, kinachokaa mahali ulipokiweka, ndo maana inafaa midomo na ndevu.

Kwenye baridi: nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, kwa hiyo inabaki imara mfukoni, ila ukizidisha nta bamu inakuwa kama mshumaa, unaburuza kwenye mdomo haitoki kitu. Kwa baridi punguza nta.

Kutengeneza: gramu 20 za nta na gramu 60 za mafuta, unapata vikopo vitano vya mililita 15 na mabaki kidogo. Yeyusha nta kwanza juu ya maji ya moto, ongeza mafuta, koroga. Alafu kabla hujamimina chovya kijiko kilichokaa kwenye friza, subiri dakika moja, pitisha kidole: kikiacha mstari mwepesi unaong'aa iko sawa, kikikwaruza ongeza mafuta, kikizama ongeza nta. Hicho kijiko kinakuokoa na vikopo vitano vya kuyeyusha upya. Nta iliyoganda kwenye sufuria hufutwa kwa karatasi ikiwa bado ya moto, usiimwage kwenye sinki itaziba bomba.

Kama zawadi: ya kwanza kwa anayetaka kutoa nyingi kwa mkupuo, wafanyakazi wenzako, majirani, walimu wa watoto, saa moja umemaliza. Haiharibiki haraka, haimwagiki, inaingia kwenye bahasha.

Inamfaa: midomo, kucha na ngozi ya pembeni yake, na wenye ndevu. Kwa ndevu fanya laini zaidi, gramu 10 za nta kwa gramu 60 za mafuta, paka zikiwa na unyevunyevu baada ya kuosha, ishushe mpaka kwenye ngozi ya chini maana mba ya ndevu inatoka huko, alafu chana. Isiyomfaa ni mwenye mzio wa mazao ya nyuki na asiyetumia vitu vya wanyama.

Glisirini

Hii ndo pekee hapa ambayo kazi yake ni kuvuta maji. Na ndo inayotumiwa vibaya zaidi. Mtu anapaka glisirini tupu kwenye uso mkavu, ndani ya chumba chenye hita, hewa haina unyevu wa kuvuta, basi inavuta wa chini ya ngozi yenyewe na baada ya muda uso unabana kuliko mwanzo. Glisirini ina masharti mawili, ngozi iwe imelowa na juu yake upake kifuniko.

Kwenye baridi: ni nadra kuganda, inakuwa nzito tu kumiminika.

Kutengeneza: kijiko kimoja cha chai cha glisirini kwa vijiko vinne au vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa au maji ya waridi. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, ikipita wiki mwaga hata kama haijanuka. Popote palipo na maji vijidudu vinaishi, na vitamini E ambayo watu wanaiongeza wakidhani inahifadhi kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache tu, haiui kijidudu chochote.

Kama zawadi: kwa hiyo ukiichanganya nyumbani usimpe mtu. Mpe chupa ya glisirini iliyofungwa na kadi yenye maelezo.

Inamfaa: mwenye uso wa mafuta lakini unaobana, ambaye mafuta yanamtoa chunusi. Huyo apake glisirini yenye maji alafu losheni nyepesi juu.

Mambo ya pamoja kabla hujaanza

Chochote utakachochagua, kuoga maji ya moto sana nusu saa kutakuharibia. Vuguvugu, dakika tano mpaka kumi, toka, gusagusa na taulo, paka ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado ina unyevu. Kama kuna kitu kimoja tu utabadilisha baridi hii kiwe hicho.

Mafuta ya manukato ni matone sita kwa mililita 30 za mafuta, yasizidi, na ya mtoto mchanga usiweke hata tone. Limau na magadi ya kuokea viache jikoni, limau ina asidi kali na ikipigwa na jua inaweza kuacha mabaka, magadi yanaharibu uasidi mdogo ambao ngozi inauhitaji. Jaribu kila kitu kipya ndani ya mkono, subiri siku nzima. Na katika hivi vitano hakuna kinachozuia jua, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale, kwa hiyo anayeenda kwenye theluji apake krimu ya jua.

Sasa wewe uko wapi?

Ukipaka mafuta yanakaa juu yanang'aa lakini ngozi bado inabana, umekosa maji: anza na glisirini kwenye ngozi iliyolowa, kisha kifuniko chochote unachokipenda.

Ukitoka bafuni ngozi ni laini lakini baada ya saa mbili imekauka, umekosa kifuniko: shea kwa mwili, mafuta mgando kwa sehemu zilizopasuka.

Kama una ukurutu au ngozi imepasuka inatoa damu, acha manukato na mapishi yote, mafuta mgando matupu, na daktari wa ngozi akuone.

Nywele ndo tatizo, nazi usiku, na kofia ya sufu itie kitambaa cha satini ndani isikwaruze nywele.

Unataka kumpa mtu mmoja wa karibu zawadi ya kushangaza, una jioni nzima na mashine ya kupigia, fanya shea. Una watu kumi na tano kwenye orodha, fanya bamu. Hujui ngozi ya mtu ikoje wala mzio wake, mafuta mgando matupu bila shea, na soksi. Na chochote utakachotengeneza andika kwenye kopo kila kilichomo na tarehe uliyotengeneza. Na kama sikukuu ni kesho na hujafanya kitu, sukari na mafuta ya nazi ni dakika kumi, nusu yake ni ya kutafuta uzi wa kufungia.